Mkimbizi na gari ya mbio, wapi na wapi?

  Wafanyakazi wa mashirika, tunajua mnapita hapa kimya kimya, mnasoma, mnaondoka bila kusema kitu. Karibuni tu.

Zamu ya wiki hii ni yangu. Wenzangu waliotangulia wameandika mambo mazito: kufiwa, karatasi, kurudi nyumbani au kutorudi. Mimi naandika juu ya magari ya mbio. Ndiyo, yale yale: Bugatti, Ferrari, Lamborghini, Rimac. Magari yenye viti viwili tu, yaliyolala chini kama mjusi juu ya jiwe, ambayo bei ya moja ingejenga shule. Nayapenda. Nimeyapenda tangu utotoni na sioni haya.

Najua swali linalokuja. Nimeulizwa mara nyingi, hata na watu wanaonitakia mema: "Mkimbizi na Bugatti, wapi na wapi?" Leo nataka kulijibu vizuri, kwa sababu kuna kijana mmoja ambaye maisha yake yanategemea kidogo jibu hilo. Nitamfikia.

Kwanza tuelewane tunasema juu ya nini. Mimi najifunza ufundi kwenye garaji moja hapa Gitega. Kazi yetu kubwa ni Toyota Probox. Mtu ambaye hajafika Burundi hawezi kuelewa Probox ni nini kwetu. Ni teksi, ni basi, ni lori, ni gari ya arusi na ni gari ya msiba. Ukitoka Muyinga kuja Gitega kwa njia ya Karusi, utapanda Probox, mtabanana wanne nyuma, mbele mtabanana na dereva, na atakuwepo kuku mmoja asiyelipa nauli. Injini yake ni ya lita 1.5, na nguvu zake ni kama farasi 100 na kidogo. Ni gari ya kuheshimiwa, na mimi naiheshimu, maana ndiyo inanilisha.

Sasa chukua Bugatti Chiron, iliyoonyeshwa kwa mara ya kwanza Geneva mwaka 2016. Injini yake ni ya lita 8, ina silinda 16 na turbo nne. Nguvu zake ni farasi 1,500. Yaani chukua Probox kumi na nne, zifunge pamoja, halafu uziambie zote zikimbie kwa kazi moja. Mwaka 2019, kwenye njia ya majaribio ya Ehra-Lessien kule Ujerumani, dereva Mwingereza Andy Wallace aliendesha Chiron iliyorekebishwa hadi kilomita 490 kwa saa. Na mwezi wa tisa mwaka 2025, gari ya umeme ya Wachina inayoitwa Yangwang U9 Xtreme ikafika 496. Hiyo haina hata tone la esansi ndani.

Lakini namba peke yake hazinivuti. Namba mtu anaweza kuzikariri kama mechi za mpira. Kinachonivuta ni kazi iliyo nyuma ya namba.

Mzee wetu wa garaji ana msemo wake: kuifanya gari ikimbie si tatizo, tatizo ni yote yanayofuata. Gari ikiongeza mwendo mara mbili, upepo unaoizuia hauongezeki mara mbili, unaongezeka mara nne. Na nguvu ya injini inayohitajika kuushinda upepo huo inaongezeka mara nane. Ndiyo maana hatua ya kutoka 400 kwenda 490 ni ngumu kuliko hatua zote za nyuma. Halafu kuna joto. Bugatti Veyron ya mwaka 2005, mama yake Chiron, ilikuwa na rejeta 10. Probox ina moja, na hiyo moja tunaijua inavyotusumbua. Halafu kuna kusimama. Kile kibawa cha nyuma cha Veyron si pambo: ukikanyaga breki kwa mwendo mkubwa, kinajiinua na kuukamata upepo ili nao usaidie kuizuia gari. Kila kijitundu kwenye ubavu wake kina sababu. Hapa kinaingiza hewa ya kupoza breki, pale kinatoa hewa moto.

Kwa hiyo ukiiangalia gari kama hiyo kwa jicho la fundi, yule tajiri aliyekaa ndani humwoni. Unawaona watu waliokaa mezani miaka kadhaa wakibishana juu ya kijitundu. Na mimi, kwa kweli, natamani kuwa kwenye meza ile. Kiti cha dereva baadaye.

Mapenzi haya hayakuanzia kwenye simu. Mimi ni mtoto wa Masisi, na kwetu kabla ya gari kuna chukudu. Kwa wasioijua: ni chombo cha mbao chenye magurudumu mawili, usukani wa pembe, kinabeba mamia ya kilo za viazi, makaa au mbao. Kupanda mlima unakisukuma. Kuteremka unapiga goti moja juu yake na kumwomba Mungu. Mjini Goma wameijengea chukudu sanamu ya rangi ya dhahabu, na wamefanya vizuri. Breki yake ni kipande cha tairi nyuma, unakikanyaga kwa mguu kikalie gurudumu. Kabla sijajua kuandika jina langu nilijua kwamba kitu kizito kikiwa kwenye mteremko, breki ndiyo roho yako.

Tulipofika Kinama, kule Gasorwe katika Muyinga, chukudu hazikuwepo. Sisi watoto tukatengeneza vigari vya waya. Magurudumu tulikata kwenye kandambili zilizokufa. Tulishindana kwenye mteremko wa kuelekea bombani, na walioshinda hawakuwa wenye gari nzuri kwa macho. Kuna mmoja alipanua magurudumu ya gari yake, akafunga vijiwe viwili chini kabisa ya tumbo lake, ikawa haipinduki kwenye kona. Sisi wengine tulidhani ni uchawi. Leo najua jina lake: alikuwa ameshusha kitovu cha uzito. Mainjinia wa Ferrari wanalipwa kwa kufanya kitu kile kile.

Kuna jambo jingine, na hili nimelielewa nikiwa mkubwa. Magari yote tuliyopanda utotoni yalikuwa magari ya kutubeba. Lori lilitubeba, basi likatubeba, gari nyingine ikatubeba tena. Hakuna hata moja ambayo mtu aligeuka akatuuliza: ninyi mnataka kwenda wapi? Na tulipokuwa wenyeji wa kambi, kutoka kulitaka karatasi ya ruhusa, na karatasi ilitaka sababu. Unaenda wapi, kufanya nini, utarudi lini. Sisemi hivyo kwa kulalamika. Nchi ina taratibu zake, na Burundi imetupokea wakati nayo ina shida zake.

Lakini kwa kinyozi pale kambini kulikuwa na picha ya Lamborghini ya njano ukutani. Nilikuwa nakaa kwenye benchi hata siku ambayo sinyolewi. Nikaona kwamba ile gari haina mzigo juu. Haina godoro, haina sufuria, haina turubai. Haiendi mahali kwa sababu ya lazima. Mtu anaipanda kwa sababu anataka tu. Kwa mtoto ambaye safari zake zote zilikuwa za lazima, hicho kilikuwa kitu kipya kabisa duniani. Sikuwa natamani utajiri. Nilikuwa natamani kutaka.

Sasa nimfikie yule kijana.

Mdogo wangu ana miaka 17, bado yuko Kinama na mama. Mwaka jana waliandikishwa vijana kwa ajili ya mafunzo ya kazi. Kwenye fomu kulikuwa na swali: ndoto yako ni nini? Yeye akajibu alichoulizwa. Akasema, "Madamu, nataka kutengeneza magari ya mbio ya umeme." Yule madamu hakuwa mtu mbaya. Alicheka kidogo, kwa upole, akamwambia, "Mdogo wangu, tuseme kitu kinachowezekana." Kwenye nafasi ya ndoto akaandika: ushonaji.

Jamani, sidharau ushonaji. Mama yetu alitulea kwa cherehani. Lakini mdogo wangu hakusema ushonaji. Na hata kama magari ya mbio ni mbali, kati ya ushonaji na Bugatti kuna vituo vingi njiani: umekanika, umeme wa magari, uchomeleaji, matengenezo ya pikipiki. Hakuna kituo hata kimoja kilichoandikwa. Akaenda kwenye ushonaji wiki mbili, akaacha. Taarifa ikasema hana bidii.

Baada ya hapo alianza kuniandikia juu ya Bugarama. Mnaoijua barabara ya Bujumbura mnajua nasema nini. Vijana wanapakia ndizi kwenye velo, mafungu kwa mafungu, wanateremka kutoka Bugarama, juu zaidi ya mita 2,000, mpaka Bujumbura kule chini ziwani. Kona baada ya kona, malori mbele, malori nyuma. Kurudi, wanashika nyuma ya lori kwa mkono mmoja, linawavuta mpaka juu. Wanasema hakuna mwendo mtamu kama ule. Naamini. Lakini mmoja wa vijana tuliokua naye alirudi kambini na mguu uliovunjika mahali pawili, na yeye ndiye mwenye bahati katika kundi lake. Mdogo wangu akaniandikia: "Yaya, angalau kule nitakimbia."

Ujumbe ule niliusoma mara nyingi. Niliona kwamba tamaa ya mwendo haifi ukiifuta kwenye fomu. Inaenda kutafuta mteremko mwingine. Kijana anayesema Bugatti kwa sauti mbele ya karani, na kijana anayeshika lori kwa mkono mmoja, ni yule yule. Tofauti ni nani alimsikiliza.

Basi nikaacha kumpigia kelele, nikaanza kumtumia hadithi. Mega zangu zote za mwezi zilikwenda huko. Nawapa na ninyi mbili.

Ya kwanza ni ya hapa hapa kwetu Afrika Mashariki. Shekhar Mehta alizaliwa Uganda mwaka 1945, katika familia ya Wahindi wenye mashamba. Mwaka 1972 Idi Amin aliwafukuza Waasia, akawapa siku 90. Familia ya Mehta ikakimbilia Kenya. Mwaka uliofuata, 1973, yule mtu aliyetoka kufukuzwa nchini mwake aliingia kwenye Safari Rally na Datsun 240Z. Hiyo 240Z ilikuwa gari ya michezo kweli kweli, bonneti ndefu, silinda sita, imelala chini, na yeye akaipeleka kwenye tope na mawe. Walimaliza yeye na Msweden Harry Källström wakiwa na adhabu sawa sawa, na kanuni ya kuvunja sare ikampa Mehta ushindi. Halafu akashinda tena 1979, 1980, 1981 na 1982. Mara tano kwa jumla. Tusidanganyane, hakuwa maskini kama sisi, na ukiwa na pesa hata kukimbia kunakuwa kwingine. Lakini angeweza kukaa Nairobi akahesabu alivyopoteza. Mwaka mmoja baada ya kufukuzwa alikuwa anataka kushinda mbio, na hakuna aliyemwambia asubiri kwanza mahitaji ya msingi.

Ya pili ni ya Mate Rimac. Alizaliwa mwaka 1988 Livno, mji wa Bosnia, wakati huo ikiwa Yugoslavia. Alikuwa bado mtoto mdogo wazazi wake walipohamia Ujerumani, na nchi ile ikavunjika kwa vita. Mwaka 2000 familia ikahamia Kroatia. Akiwa mwanafunzi alibuni glavu ya kielektroniki inayofanya kazi ya kibodi na mausi, akashinda mashindano nayo. Halafu akanunua BMW kuukuu ya mwaka 1984 ya kushindania, na injini ikapasuka. Hapo ndipo ninapompenda. Badala ya kutafuta injini nyingine ya esansi, akaamua kuweka mota ya umeme. Watu walimcheka kwamba ameleta mashine ya kufulia nguo kwenye mashindano. Kucheka kukaisha alipoanza kuwashinda. Mwaka 2009 akaanzisha kampuni. Gari yao ya Nevera ina mota nne, moja kwa kila gurudumu, nguvu za farasi 1,914, inatoka sifuri mpaka kilomita 100 kwa saa ndani ya sekunde kama mbili, na mwendo wake wa mwisho ni 412. Mwaka 2021 ikaundwa kampuni ya Bugatti Rimac, na yeye akawa mkuu wake. Yaani mtoto wa nyumba iliyohama hama ndiye anaiongoza Bugatti yenyewe.

Sasa yapo maneno ya upande wa pili, na ni ya haki kuyasikiliza.

La kwanza ni la mama yetu. Nilimwonyesha Chiron kwenye simu. Akaiangalia mbele, akaiangalia nyuma, akasema, "Papa, gari isiyobeba hata gunia moja la makaa, hiyo ni gari au ni kofia?" Sina jibu. Sisi ni watu saba, gari ina viti viwili. Na mtaro wa kwanza tu pale kwenye lango la kambi ungelikata tumbo lake.

La pili ni esansi. Hapa Gitega tumezoea foleni za vituo vya mafuta, magari yanalala pale, madereva wanalala ndani. Veyron ikienda mwendo wake wa mwisho, tangi la lita 100 linaisha kwa dakika kama 12. Kwa lita hizo Probox yetu ingeenda Muyinga na kurudi mara kadhaa, na kuku wake. Ukilifikiria hilo ukiwa umesimama kituoni na kidumu mkononi, linauma.

La tatu ndilo zito. Makamu wa rais wa Guinea ya Ikweta, Teodoro Nguema Obiang Mangue, ni mtoto wa rais. Alikusanya magari haya kama sisi tulivyokusanya vizibo. Mwaka 2017 mahakama ya Paris ilimtia hatiani kwa kujitajirisha na mali ya umma. Kule Uswisi walikamata magari yake 25, na mwaka 2019 yakauzwa kwa mnada karibu na Geneva. Lamborghini Veneno moja tu ilinunuliwa kwa zaidi ya faranga milioni 8 za Uswisi. Ilikubaliwa kwamba pesa za mnada zitumike kwa miradi ya wananchi wa nchi hiyo. Hapo watu wananiambia: unaona gari zako zinavyofanya? Mimi naona kitu kingine. Kati ya kuitamani gari na kumwibia mwananchi kuna mto mpana, na anayeuvuka ni mtu. Na katika magari yote 25 hakuna hata moja iliyotengenezwa na mikono ya vijana wa Guinea ya Ikweta. Alinunua fahari, hakununua ujuzi. Mimi nataka ujuzi.

Na lipo neno langu mwenyewe, ambalo linanikosesha usingizi zaidi ya hayo matatu. Kule Masisi tuna Rubaya, milima ya koltani. Kutoka kwenye koltani wanapata tantalumu, inayotengeneza vifaa vidogo vya kutunza chaji ndani ya simu na ndani ya vifaa vya elektroniki vya magari. Kule kusini, Kolwezi, kuna kobalti inayoingia kwenye betri nyingi za magari ya umeme, na zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia nzima inatoka Kongo yetu. Kwa hiyo gari hizi ninazoziangalia kwenye kioo cha simu si geni kabisa kwangu. Udongo tuliokimbia uko ndani ya magari, uko na ndani ya simu yenyewe. Udongo wetu umefika Ulaya bila karatasi ya ruhusa. Sisi bado tuko hapa tunaeleza sababu ya safari.

Wengine wakilisikia hilo wanasema, basi tuyachukie magari haya. Mimi nasema hapana. Tuyajue. Mtu asiyejua kilichomo ndani ya betri atauza jiwe kwa bei ya jiwe. Mwaka 2011 walimu na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Makerere, Uganda, walitoa gari ya umeme ya viti viwili, Kiira EV. Haikuwa na mwendo wa kutisha. Lakini iliwashwa, ikatembea, na vijana wa Kampala waliiona kwa macho. Baadaye likaja basi la Kayoola linalosaidiwa na nguvu ya jua. Mambo haya hayaanzii Ulaya tu.

Mdogo wangu hajaenda Bugarama. Bado. Miezi miwili iliyopita nilimwomba mzee wa garaji anipe mota ya kupangusa kioo kutoka kwenye Probox iliyokufa, nikaifunga kwenye gazeti, nikampa dereva anayeenda Muyinga. Nikamwambia mdogo wangu: ifungue, usivunje kitu, niambie kilichomo. Akaifungua. Akanipigia usiku, ananong'ona mama asiamke, "Yaya, kuna sumaku mbili, kuna waya umezungushwa, na kuna vijipande vya makaa vinavyogusa katikati. Makaa yale ni ya nini?" Tukazungumza mpaka salio likaisha. Wiki iliyofuata akaifunga kwenye kigari cha mbao na betri kuukuu ya pikipiki. Kilitembea kama hatua kumi, kikasimama. Sasa anatafuta kwa nini kilisimama, na mtu anayetafuta kwa nini hana muda wa kwenda kushika lori.

Lakini mota moja haitoshi kumshikilia kijana wa miaka 17. Nasikia orodha mpya ya mafunzo itaandikwa hivi karibuni. Safari hii atarudi mbele ya meza ile ile, pengine kwa madamu yule yule, na ataulizwa swali lile lile. Amenihakikishia kwamba jibu ni lile lile.

Kwa hiyo, ninyi wafanyakazi mnaotusoma, nina ombi moja tu. Siombi Bugatti. Mkiuliza ndoto, andikeni ndoto iliyosemwa. Kama haiwezekani leo, andikeni chini yake kituo cha kwanza cha kuielekea. "Magari ya mbio: aanze na umeme wa magari." Maneno manane tu, yanaingia kwenye kile kisanduku. Mmejifunza vizuri sana kuhesabu mahitaji yetu: maji, mahindi, sabuni, turubai. Tunashukuru, bila hayo tusingekuwa hai wa kutamani chochote. Lakini mtu hahesabiki kwa mahitaji peke yake. Muulizeni pia anataka nini, na akijibu msicheke, hata kwa upole.

Na ninyi wenzangu, msione aibu kupenda kitu kikubwa kuliko hema. Iwe gari, ndege, piano, meli, chochote. Ila ukikipenda, kifungue ujue kinavyofanya kazi.

Andikeni hapa chini: ninyi mliulizwa ndoto mkasema nini, na kwenye fomu kikaandikwa nini? Na yeyote aliye karibu na Gasorwe mwenye betri ya pikipiki isiyokufa kabisa, kuna fundi mmoja mdogo Kinama anaihitaji. Samahani, anaitaka.